Msimamo au Ukaidi?

Mwaka 1948, katika kipindi cha redio cha BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alichekesha kwa kuitaja tabia moja katika nafsi tatu za sarufi ya Kiingereza. Nafsi ya kwanza ni “firm”: mimi nina msimamo. Ya pili ni “obstinate”: wewe ni mkaidi. Ya tatu ni “pig-headed”: yule ni mpumbavu mwenye kichwa kigumu. Wote watatu wamekataa kubadili mawazo. Kinachotofautiana ni nani anayesemwa.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Juzi darasani niliendelea kutetea hoja ambayo nilikwisha kuona imevunjika, na bado nikamwita mwenzangu mbishi.

Je, tofauti ni ya maneno tu? Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema hapana. Katika Summa Theologiae anaiweka fadhila ya udumifu katikati ya vilema viwili: ulegevu, unaoliacha jema kwa kushindwa kuvumilia ugumu, na ukaidi, unaong'ang'ania maoni kupita inavyostahili. Chanzo cha ukaidi, anafundisha, ni majivuno: mtu anataka aonekane bora.

Kwa hiyo tusipime nguvu ya kushikilia tu. Tupime kinachoshikiliwa, na sababu ya kukishikilia. Kabla ya kumchagulia ndugu yako neno, jiulize: natetea ukweli, au nalinda jina langu? Mwenye msimamo akionyeshwa kosa hushukuru. Mkaidi hutafuta hoja nyingine.