Sauti ya Mwalimu Nayo Ipimwe

Mwalimu akipwelewa na sauti huchekwa. Mimi nilichekwa. Nilifundisha Kajiado na kisha hapa Kitengela kwa miaka 28, na elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mnamo Januari 2003, darasa langu lilifurika. Nikawa napaaza sauti ili wa nyuma wasikie, huku vumbi la chaki na la barabara likinikaba. Sauti ilipoanza kukwaruza, nilipewa dawa ya kikohozi. Miezi 5 ikapita kabla daktari wa masikio, pua na koo hajanitazama na kukuta vinundu kwenye nyuzi za sauti.

Nyuzi hizo mbili zimo ndani ya zoloto. Mwanamume mzima anapozungumza, hugongana mara 100 hadi 150 hivi kwa sekunde; mwanamke, mara 200 hivi. Zikiota kinundu, mapigo hupoteza mpangilio: hili refu, lile fupi, hili zito, lile hafifu, na pumzi ikaponyoka katikati. Sikio husikia mkwaruzo tu, ilhali tarakilishi huhesabu. Mgonjwa hutamka "aa" mbele ya kipaza sauti kwa sekunde chache, na programu ya Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na kutolewa bila malipo, huonyesha kasi ya mapigo na kutolingana kwake. Kipimo hicho hakitaji jina la ugonjwa, kwani zoloto sharti litazamwe; lakini hudhihirisha iwapo tiba inafaa.

Hata hivyo, nambari huhitaji za kulinganisha nazo. Waarabu, ambao lugha yao ina sauti zitokazo ndani kabisa ya koo, hawakuridhika na vipimo vya wageni: Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, kimekusanya sauti za wasemaji wa Kiarabu, nzima na zilizougua. Nasi je? Ustadhi wa Kitengela husomesha Kiarabu na kuzungumza Kiswahili. Mwalimu wa Kajiado hufundisha Kiingereza na kurejea nyumbani kwa Kimaasai. Tuwalinganishe na nani?

Jibu langu ni hili: na wao wenyewe. Mwalimu apimwe sauti siku aajiriwapo, kumbukumbu ihifadhiwe, kisha apimwe tena kila baada ya miaka michache. Hakuna mizani iliyo bora kuliko sauti ya mtu huyo huyo alipokuwa mzima. Nchini Poland maradhi ya sauti ya walimu huhesabiwa kuwa maradhi ya kazi; nasi tuanze kuyahesabu hivyo.

Nawe msomaji, ukikwaruza kwa zaidi ya wiki 4, usiridhike na dawa ya kikohozi. Saratani ya zoloto nayo aghalabu huanza kwa mkwaruzo uo huo, hasa kwa mvutaji sigara. Msumeno wa seremala ukiwa butu hununuliwa mwingine. Mwalimu ana zoloto moja tu.