Kabla ya Kumwambia Mtoto Hajui Mpira

Muhula wa pili unapokaribia, viwanja vya shule kutoka Malaba na Amagoro hadi Nambale, Matayos na Busia mjini hujaa watoto wanaowania jezi. Kocha ana alasiri moja na umati wa wachezaji. Anapuliza kipenga, anawagawa, anatazama, kisha jioni anasoma majina. Watazame walioitwa: wengi ni warefu, wamepanuka mabega, sauti zimeshakuwa nzito. Wadogo wa mwili, akiwemo yule aliyewapiga chenga mabeki wawili akatoa pasi safi, wanaambiwa wajaribu mwakani. Wengi wao hawarudi tena.

Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika soka ya vijana hapa mpakani mwa Kenya na Uganda. Tunalalamika kuhusu viwanja na viatu, na malalamiko hayo ni ya haki, lakini mtoto aliyeachwa kwa sababu mwili wake ulisomwa vibaya hawezi kuokolewa na uwanja wenye nyasi.

Mvulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi akiwa na umri wa miaka 13 na nusu au 14 hivi. Msichana humtangulia kwa takriban miaka miwili. Katika kipindi hicho mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Huo lakini ni wastani, na wastani hauvai jezi. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika kukomaa kwa mifupa na misuli: mmoja anakaribia kumaliza kubalehe, mwenzake hata hajaanza. Ukiwashindanisha kukimbia na kusukumana, aliyekomaa atashinda, na utakachokuwa umepima ni balehe, si kipaji. Wakifika miaka 18 pengo hilo huwa limezibika au limebaki dogo, na aliyekuwa mdogo huwa na faida yake: kwa miaka yote hiyo alilazimika kufikiri haraka na kuutuliza mpira kwa mguso mmoja, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kumsukuma mtu. Faida hiyo, bila shaka, huonekana tu kama hakufukuzwa.

Uingereza walishalitambua hili. Katikati ya miaka ya 2010, akademia za klabu za Ligi Kuu zilianza kuandaa mashindano ambayo watoto walipangwa kwa kiwango cha kukomaa badala ya mwaka wa kuzaliwa. Sean Cumming wa Chuo Kikuu cha Bath ni mmoja wa watafiti waliolifuatilia jambo hilo. Waliochelewa kukua walipata nafasi ya kuongoza mchezo, na waliowahi kukua wakakutana na wenzao wa nguvu sawa, hivyo wakalazimika kutumia ufundi. Kocha wa Malaba anaweza kufanya hivyo Jumamosi yoyote: mara moja kwa mwezi, apange timu za mazoezi kwa kimo na uzito badala ya darasa.

Chombo cha kupimia ni tepu ya fundi wa nguo. Ibandike wima ukutani, kwenye sakafu iliyo sawa. Mtoto avue viatu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa chake, kikae pembe mraba na ukuta, kisha soma. Pima saa ileile kila mara, kwa sababu asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Andika kwenye daftari na urudie kila baada ya miezi mitatu. Anayeongeza sentimita 2 au zaidi kati ya vipimo viwili yuko kwenye mbio za kukua, na hapo kocha anapaswa kuwa mwangalifu. Miguu imerefuka upesi kuliko ubongo ulivyozoea kuiongoza, kwa hiyo straika hodari wa Januari anajikwaa mwezi wa Juni. Kano inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti huuvuta mfupa ambao bado ni laini, na uvimbe wenye maumivu hujitokeza chini ya goti. Madaktari huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kumwambia mtoto huyo avumilie kiume ni kumwumiza. Mpunguzie kuruka na kupiga mashuti, mwache afanye kazi ya pasi na kusoma mchezo. Ukuaji ukitulia, goti nalo hutulia.

Uteuzi wa kuangalia miili una ubaya mwingine: ndio unaowafungulia mlango vijeba. Kocha anayetafuta nguvu atazipata kwa mtu wa miaka 20 mwenye cheti cha miaka 16. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, na mwaka 2018 Zanzibar ilitolewa kwenye mashindano ya CECAFA ya umri huo nchini Burundi kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri. Mashine hiyo haitafika kwenye viwanja vyetu vya shule. Kinachoweza kufika ni kocha anayetafuta vitu ambavyo kijeba hana haja ya kuwa navyo, kama ufundi na kufikiri haraka.

Sasa tuje kwenye uchovu, maana hapa mpaka una mambo yake. Mtoto wa Busia au Malaba mara nyingi ni mfanyakazi pia. Kuna anayeendesha baiskeli ya mizigo kuvuka mpaka, anayebeba magunia siku ya soko, anayetembea kando ya foleni ya malori akiuza mayai na njugu. Kocha anamwona saa kumi jioni tu, naye anadhani siku ya mtoto imeanza hapo.

Mtafiti wa Marekani Carl Foster alitoa njia rahisi ya kupima mzigo wa mazoezi. Mwulize mchezaji, kutoka 0 hadi 10, kazi ilikuwa ngumu kiasi gani, kisha zidisha jibu kwa dakika alizofanya. Mazoezi ya dakika 90 aliyoyapa 7 ni 630. Lakini mwulize pia kuhusu mchana wake. Kama aliendesha baiskeli yenye mzigo kwa saa nne na anaipa kazi hiyo 5, hizo ni 1,200 nyingine. Jumla ya siku ni 1,830, na kocha alikuwa anaiona theluthi moja. Mtoto huyo hahitaji kuongezewa mizunguko ya uwanja. Anahitaji chakula na usingizi.

Halafu kuna damu. Hapa ndipo ningeomba makocha wanisikilize kuliko mahali pengine popote. Eneo la Ziwa Victoria, Busia ikiwemo, ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na malaria hupanda baada ya mvua ndefu, kuanzia Mei hadi Julai. Ni muhula uleule wa mashindano ya soka ya shule. Malaria huharibu chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Minyoo ya safura hunyonya damu iliyobaki, na karibu na ziwa, upande wa Bunyala, kuna kichocho pia. Mtoto mwenye upungufu wa damu anaweza kuonekana mzima kabisa darasani. Uwanjani, dakika ya ishirini, miguu inakataa. Kocha anasema hana moyo. Moyo anao, tena unadunda kwa kasi isiyo ya kawaida ukijaribu kufidia oksijeni iliyopungua.

Busia ina ushahidi wake wenyewe kuhusu hili, na dunia nzima inaujua kuliko sisi. Kuanzia mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi kusini mwa Busia. Katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa robo, na hata majirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2019 Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ikiwa dawa ya minyoo ilimrudisha mtoto darasani, sioni kwa nini timu ianze msimu bila kuuliza kama wachezaji wamemeza dawa. Kipimo cha damu hufanywa kwenye kituo cha afya. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 14, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, naye anahitaji mhudumu wa afya kabla ya kuhitaji kocha. Chakula cha kuijenga damu kipo sokoni kwetu: omena, maharagwe, kunde, mboga za kienyeji, na chungwa au ndimu pembeni ili mwili uyapokee madini ya chuma. Ugali wa mihogo peke yake unashibisha tu.

Kwa majeraha, FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji zaidi ya mpira na alama za kuweka chini. Nchini Norway yalijaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja. Nawataja wasichana makusudi. Goti la msichana liko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika kano ya ndani, na anapoteza madini ya chuma kila mwezi, lakini timu ya wasichana ndiyo hupewa uwanja mwishoni jioni, bila muda wa kupasha mwili. Na timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote ilikuwa ya wasichana: Junior Starlets ya kocha Mildred Cheche, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, iliyoifunga Mexico 2-1.

Yote haya yanaweza kuharibiwa na mdomo. Watafiti Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafunza makocha wa watoto namna ya kuzungumza: kusifu juhudi, kutia moyo baada ya kosa, kurekebisha bila kukaripia. Katika utafiti wao wa mwaka 1992, pamoja na Nancy Barnett, kati ya watoto waliokuwa chini ya makocha wa kawaida, asilimia 26 hawakurudi msimu uliofuata. Kwa makocha waliofunzwa, walioacha walikuwa asilimia 5. Timu zenyewe hazikutofautiana kwa ushindi.

Kwa vitendo ni hivi. Beki amepoteza mpira, goli limeingia. Kelele za "unafanya nini wewe!" hazimfundishi chochote, anajua alichofanya, na mpira ujao ataupiga popote ili auondoe miguuni. "Geuka mapema, tazama bega la kushoto" ni maneno machache, na yanamwachia kazi ya kufanya. Msemeze kwa lugha anayoielewa akiwa na hofu, iwe Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kiswahili. Nje ya uwanja, mpaka unamlipa mtoto pesa mkononi siku hiyohiyo. Uwanja hauna pesa ya kushindana nao. Una heshima tu ya kumwita kwa jina na kumwonyesha kwamba wiki hii anaweza jambo ambalo wiki iliyopita hakuliweza. Ukimnyima hilo ataondoka, na hutaweza kumlaumu.

Nanyi wazazi, atakuja mtu mwenye maneno matamu akisema klabu ya ng'ambo, Tororo au kwingineko Uganda, inamtaka kijana wenu. Inawezekana ni kweli. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, lakini watu wa mpakani tumewekewa nafasi: mtoto anaweza kusajiliwa iwapo nyumba yake na klabu hiyo kila moja iko ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, umbali kati yao hauzidi kilomita 100, anaendelea kuishi nyumbani kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yameridhia. Kwa hiyo mwulizeni mgeni huyo mtoto atalala wapi, na barua za mashirikisho ziko wapi. Asipokuwa na majibu, mtoto asiondoke.