Simu Ikijifunga, Usimkimbilie Fundi na Siri za Nyumba

Sanduku la mbao likipotelewa na ufunguo haliwi msiba. Huitwa seremala, hung'oa bawaba, na khanga, cheti cha ndoa na akiba ndogo iliyofichwa chini ya nguo hutoka salama kama zilivyowekwa. Wengi wetu tuishio mijini huichukua simu iliyojifunga kwa mawazo hayohayo. Namba ya siri imesahauliwa, au mtoto amechezea kioo mpaka simu ikagoma, basi mwenye simu huifunga katika leso na kwenda nayo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kumtafuta mtu wa kung'oa bawaba.

Kufuli la simu halikujengwa hivyo. Picha, barua na mazungumzo yaliyomo ndani ya simu za siku hizi hayakai wazi kama khanga zilivyokunjwa sandukuni, bali hukaa yamegeuzwa fumbo, na namba yako ya siri ni sehemu ya ufunguo wa kulifumbua fumbo hilo. Ndivyo zilivyo simu za iPhone, na tangu lilipotoka toleo la 10 la Android, mwaka 2019, ndivyo zinavyotakiwa kuwa simu zote mpya za namna hiyo. Kuvunja kufuli bila ufunguo ni kubaki na sanduku lililojaa majivu.

Yafaa kukumbuka kisa cha Marekani. Mwezi Desemba 2015 watu 14 waliuawa katika mji wa San Bernardino, jimbo la California, na mmoja wa wauaji aliacha simu ya iPhone 5C iliyofungwa. Mwaka uliofuata shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilikwenda mahakamani kuilazimisha kampuni ya Apple isaidie kuifungua. Apple ilikataa, na mwezi Machi 2016 FBI iliondoa madai yake baada ya kupata msaada wa watu wengine wa nje. Ikiwa dola kubwa kama ile ilihangaika kiasi hicho kwa simu moja, unaposikia sauti ya kibandani ikikuahidi kwamba simu yako mpya itafunguliwa kwa dakika kumi na hakuna kitakachopotea, una haki ya kuuliza maswali. Aghalabu itafutwa yote, nawe utaambiwa baadaye kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Kabla ya kwenda popote, tambua kwanza ni kufuli gani lililokufungia, kwa sababu simu moja huweza kuwa na makufuli manne, na kila moja lina mwenyewe.

Lipo la laini. Hili likikosewa namba mara tatu hudai namba nyingine yenye tarakimu nane iitwayo PUK, ambayo huandikwa kwenye kile kijikadi ulichonunulia laini, au hutolewa na kampuni ya simu baada ya kuhakikisha kwamba mwenye laini ni wewe. PUK nayo ikikosewa mara kumi, laini hufa moja kwa moja. Hata hapo usilie sana, kwa maana ukienda kwa kampuni na kitambulisho chako utapewa laini mpya yenye namba yako ileile. Kufuli la pili ni la simu yenyewe, yaani namba, mchoro au alama ya kidole. La tatu ni la akaunti, nalo ndilo linalowashangaza wengi: tangu mwaka 2013 kwa iPhone, na tangu toleo la 5.1 la Android la mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu huamka ikiuliza akaunti ya mtu aliyekuwa akiitumia, na bila hiyo haifai kwa kazi yoyote. La nne ni la simu za mkopo, ambazo muuzaji huzifunga kwa mbali malipo yakichelewa. Hilo dawa yake ni kulipa au kuzungumza na aliyekukopesha, wala usimpe fundi fedha ambazo zingepunguza deni.

Hapa niseme neno moja kuhusu fedha, maana hofu hii huwatesa wengi kuliko nyingine zote. Fedha zako za M-Pesa au za mtandao mwingine wowote hazimo ndani ya simu. Zimo katika vitabu vya kampuni, zimefungwa na namba ya laini na namba yako ya siri ya malipo. Itoe laini, iweke katika simu nyingine, hata kile kisimu cha vitufe cha bibi, na salio utalikuta lilivyo. Kufutwa kwa simu hakugusi hata senti moja.

Sasa tuje kwenye kufuli la simu yenyewe. Jambo la kwanza ni kuacha kubahatisha. Kila unapokosea, simu huongeza muda wa kukungojesha, na iPhone iliyowekwa hivyo na mwenyewe hujifuta baada ya makosa kumi. Namba ya tarakimu nne ina njia 10,000 na ya tarakimu sita ina njia 1,000,000, hivyo kubahatisha hakutakufikisha mbali. Kaa chini, pumzika, kisha shika simu kama unavyoishika kila siku na uache kidole kiende chenyewe. Mara nyingi mkono hukumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Ikiwa namba ni mpya na simu ni iPhone yenye toleo la 17 au la baadaye, namba ya zamani bado hukubaliwa kwa muda wa saa 72 tangu ulipoibadilisha, ili uweze kuweka nyingine.

Na ikiwa umesahau namba lakini alama ya kidole bado inaifungua simu, nakusihi usiizime! Simu ikizimwa na kuwashwa hudai namba, wala haikubali kidole peke yake. Na hata isipozimwa, baada ya muda itaidai namba hiyohiyo. Saa hizo chache ulizo nazo ni za thamani. Zitumie kuhamisha picha za harusi, namba za jamaa na hati zako mahali pengine.

Simu ikiwa imekwisha kufunga milango yote, ujue kwamba kitakachorudi ni kile tu ambacho kilikuwa kimehifadhiwa nje yake. Usikate tamaa mapema. Watu wengi wana hazina wasiyoijua, kwani namba za watu na picha huenda zilikuwa zikipelekwa katika akaunti ya Google au ya Apple bila wao kutambua. Tumia simu ya mtu unayemwamini, ingia katika akaunti yako, tazama kilichomo, kisha toka na uhakikishe simu ile haikubakiza neno lako la siri. Kijikadi cha kumbukumbu nacho, kama simu yako inacho, mara nyingi hakikugeuzwa fumbo. Kitoe, ukitie katika simu nyingine, na picha zilizokuwamo zitaonekana. Lakini fikiri upande wa pili: zitaonekana hivyohivyo na mtu mwingine yeyote atakayekishika.

Baada ya hapo ndipo simu ifutwe, na jambo hilo hata wewe mwenyewe unaliweza, ama kwa vitufe vya pembeni kama kijitabu cha simu kinavyoeleza, ama kwa kutumia akaunti yako ukiwa mbali. Ila hakikisha kwanza kwamba unaikumbuka akaunti na neno lake la siri, la sivyo utakuwa umetoka kufuli la pili na kuingia la tatu. Kama neno la siri la Google umelibadilisha karibuni, ushauri wa Google wenyewe ni kungoja saa 24 kabla ya kuifuta simu. Mwenye iPhone aliyesahau akaunti anaweza kuiomba Apple imfungulie, mradi anayo stakabadhi ya kununulia. Stakabadhi hizo ambazo tunafungia karanga!

Siandiki haya kuwatukana mafundi. Wako wengi walio waaminifu, wanaolisha familia zao kwa jasho, na kioo kilichovunjika au betri iliyochoka ni kazi yao halali. Lakini uaminifu haupimwi kwa macho. Nchini Kanada watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph walipeleka kompyuta ndogo katika maduka 16 ya matengenezo, na katika matokeo waliyotoa mwaka 2022 walieleza kwamba mafundi wa maduka sita walichungulia mambo ya binafsi ya wenye kompyuta, na wawili kati ya hao walinakili baadhi yake. Kazi waliyopewa haikuhitaji kugusa picha hata moja.

Kwa hiyo unapompelekea fundi simu, toa laini na utoe kijikadi cha kumbukumbu, hata kama amekuambia hapana haja. Laini iliyobaki mkononi mwa mtu ndiyo hupokea zile tarakimu za uthibitisho, na mwenye tarakimu hizo huweza kuhamishia kwake akaunti yako ya WhatsApp na kuanza kuwaandikia ndugu zako kwa jina lako kwamba umekwama na unahitaji fedha. Matapeli wa ile lugha ya «hela itume kwenye namba hii» hawajaisha, na namba zao Watanzania tumeelekezwa kuzipeleka kwa ujumbe kwenda 15040. Neno la siri la akaunti likihitajika, liandike wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtajie fundi. Usiiache simu ilale dukani ikiwa unaweza kungoja. Na kama simu inafunguka na tatizo ni kioo tu, baadhi ya simu mpya za Samsung na za Google zina hali ya matengenezo ambayo huficha mambo yako yote wakati fundi akifanya kazi.

Anayechungulia naye ajue kwamba anavunja sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika chombo cha mtu bila ruhusa. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inapokea malalamiko ya wananchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

Tukirudi nyumbani, liko suala ambalo wanandoa hulikwepa mpaka siku ya kugombana. Je, mke aijue namba ya simu ya mume, na mume ya mke? Ziko nyumba ambamo namba hiyo ni siri kubwa kuliko siri za Serikali, na ziko nyingine ambamo simu hukaguliwa kila usiku kama mizigo bandarini. Kwa maoni yangu zote mbili zimekosea. Mtu mzima ana haki ya faragha hata ndani ya ndoa, lakini familia nayo ina haki ya kutokwama siku mmoja wao akianguka kazini na kulazwa. Bahasha inatosha. Kila mmoja aandike namba yake ya simu, akaunti na neno lake la siri, aifunge bahasha kwa gundi, atie sahihi juu ya mkunjo, na bahasha zote mbili zikae pamoja na vyeti na hati za kiwanja. Ikifunguliwa bila sababu itaonekana. Namba ya siri ya fedha isiwemo, hiyo ni ya mtu na nafsi yake. Wala karatasi hiyo isiwekwe chini ya kifuniko cha simu, kama wafanyavyo wengi, maana mwizi ataondoka na kufuli na ufunguo kwa pamoja.

Bahasha hiyo huhitajiwa zaidi pale mwenye simu anapofariki. Fedha zilizobaki katika laini yake ni sehemu ya mirathi, na si halali kwa mtoto anayeijua namba ya siri kuzitoa usiku wa matanga. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama huzidai kwa kampuni ya simu akiwa na cheti cha kifo na hati ya mahakama. Kuhusu picha na barua, Google tangu mwaka 2013, na Apple tangu 2021, wameweka njia ya mtu kumtaja, angali hai, yule atakayekabidhiwa mambo yake. Kama marehemu hakutaja mtu, Google hupokea maombi ya jamaa wa karibu na kuyapima moja baada ya jingine, ingawa neno la siri hawalitoi kwa yeyote. Maombi hayo yasicheleweshwe. Tangu Desemba 2023 akaunti ya mtu binafsi ambayo haikutumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na familia iliyoiweka simu ya baba kabatini ikingoja siku ya kupata fundi mzuri yafaa ihesabu miezi tangu akaunti yake ilipotumika kwa mara ya mwisho.