Dawa Tano za Huzuni: Kutunza Afya ya Akili Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa



Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, aliyepatikana Arusha. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Nilikuwa kidato cha sita. Nikafunga sanduku langu, nikarudi nyumbani Mofu, katika Bonde la Kilombero. Ilikuwa masika, na mpunga ulipoanza kuchanua familia yetu ilihamia shambani kuamia ndege. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mbali nasi, lakini hofu ilikuwa imetangulia kufika.

Usiku nililala kwenye dungu na simu mkononi. Mtandao uliposhika, nilisoma kila ujumbe wa kundi la WhatsApp: vifo, tiba, laana, nyungu. Baada ya wiki mbili usingizi ulinipotea, na nilipokohoa tu nilijihesabu miongoni mwa marehemu. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kwamba mseminari anaogopa kiasi hicho, nikadhani imani yangu ni haba.

Leo nasoma falsafa, na baadhi ya majibu niliyoyakosa wakati ule nimeyakuta darasani. Nayaandika kwa sababu milipuko haijaisha. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Kagera, na Januari 2025 vikatangazwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Kipindupindu nacho hurudi kila panapokosekana maji safi na vyoo. Tunakumbushwa sana kunawa mikono, ila namna ya kutunza akili hatukumbushwi mara nyingi.

Hofu si dhambi

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, anaiweka hofu kati ya mihemko ya nafsi. Huja pale tunapoona ubaya unakaribia, nao ni mgumu kuuzuia. Mhemko peke yake si dhambi wala si fadhila. Inategemea akili inauongoza vipi. Tena anasema kwamba hofu humfanya mtu atafute shauri. Anayeogopa kipindupindu huchemsha maji ya kunywa. Lakini hofu ikizidi huivuruga akili, na mtu hushindwa hata kufanya lile dogo lililo ndani ya uwezo wake.

Kwa hiyo usijiulize kama unaogopa. Jiulize: hofu hii inanipeleka kwenye shauri, au imenifunga miguu?

Katika kitabu chake cha Summa Theologiae, Thoma anauliza pia ni nini kinachotuliza huzuni. Nilitarajia orodha ya sala. Kumbe anataja mambo matano ambayo hata bibi yangu angeyakubali bila kusoma kitabu.

1. Furaha halali

Anasema furaha ni kwa huzuni kama pumziko lilivyo kwa uchovu. Wakati wa mlipuko watu huona vibaya kucheka, kana kwamba ni kuwadharau wagonjwa. Si kweli. Sisi tulirudi kwenye kazi na mazoea: kurusha mawe kwa teo kuwafukuza ndege, kuvua perege, kupika pamoja, kuimba. Jiwekee jambo moja la kufurahisha kila siku, na ulifanye saa ile ile. Siku yenye mpangilio huipunguzia hofu nafasi ya kutanda.

2. Machozi

Jambo baya linalofungiwa ndani huumiza zaidi, anasema Thoma. Likitoka nje, nguvu yake hupungua. Hapa nina ushuhuda. Mwezi Mei mwaka ule baba yangu mdogo alifariki Dar es Salaam. Alizikwa haraka, na sisi hatukuweza kusafiri. Matanga hayakukaliwa. Baba hakulia, wala hakuzungumza habari za mdogo wake. Alifanya kazi tu, na kila siku alizidi kukasirika kwa mambo madogo.

Julai, nilipokuwa nimeshamaliza mtihani, tulikuwa tunavuna. Baba alisimama katikati ya mpunga, mundu mkononi, akaanza kulia kwa sauti. Tulikaa kimya. Bibi akatandika mkeka chini ya mwembe, akasema, “Kazi leo basi. Tumlilie mwanangu.” Tukakaa matanga miezi miwili baada ya mazishi. Majirani walikuja, tukasimulia habari za marehemu hadi jua likazama. Tangu siku ile baba alianza kulitaja tena jina la mdogo wake.

Kama mlipuko ulikunyima kumlilia mtu wako, hujachelewa. Wakusanyeni ndugu, ombeni Misa, simulieni habari zake. Na tuache kuwaambia vijana kwamba mwanaume halii.

3. Marafiki

Huzuni ni mzigo, na rafiki anayehuzunika nawe hukufanya uone kama mmeubeba wawili. Lakini Thoma anaona sababu iliyo bora zaidi: unapoona anakuonea huruma, unatambua kwamba unapendwa, na hilo lenyewe ni faraja. Korona ilitunyang'anya kushikana mikono, hata kanisani wakati wa kutakiana amani. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu alipata njia yake. Asubuhi alipita kila nyumba, akasimama pembeni ya uwanja, akabisha hodi na kuuliza, “Mmeamkaje?” Hakuondoka mpaka ajibiwe na kila mmoja. Usipoweza kufika kwa mtu, mpigie simu asikie sauti yako, hasa mzee na mgonjwa aliyetengwa.

4. Kuutafakari ukweli

Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za Korona ziliacha kutangazwa nchini, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Pengo la taarifa hujazwa na uvumi. Tangu Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri tupunguze kufuatilia habari zinazotutia wasiwasi, tuzitafute mara moja au mbili kwa siku, na kutoka vyanzo vya kuaminika. Nchini kwetu Wizara ya Afya ina namba 199, isiyo na malipo. Kabla ya kusambaza ujumbe, uliza: nani amesema, na amejuaje?

Mwanafalsafa Epiktetus, aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika unayoweza: kunawa, kuchemsha maji, kumpigia mama. Upande wa pili andika usiyoyaweza. Fanya ya kwanza. Ya pili yaweke katika sala.

5. Usingizi na kuoga

Ndiyo, kuoga! Thoma anafundisha kwamba mwili ukirudi katika hali yake njema, nafsi nayo hupata nafuu. Anamtaja Mtakatifu Agostino, ambaye alipofiwa na mama yake Monika, mwaka 387, alikwenda kuoga na bado huzuni haikutoka. Lakini alipolala na kuamka, aliona imepungua sana. Mimi niliponywa na bibi. Aliona macho yangu mekundu, akaichukua simu bila maneno mengi: “Hii italala kwangu.” Usiku wa tatu nililala mpaka jogoo akawika.

Dawa hizi zisipotosha

Kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Usingizi, hamu ya kula au nguvu ya kufanya kazi vikikupotea kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati au kituo cha afya. Ikibidi watakupa rufaa. Mtu akisema anataka kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Na tusilifanye jina la Mirembe kuwa tusi. Ile ni hospitali, kama hospitali nyingine.

Anayekwenda kwa daktari hajamwacha Mungu. Thoma huyo huyo anafundisha kwamba neema haiondoi maumbile, bali huyakamilisha. Kama usiku wa leo unaogopa peke yako kama nilivyoogopa mimi kwenye dungu, mwambie mtu mmoja kabla hakujapambazuka.