Jina la Msimamizi katika Makala ya Mwanafunzi: Mfano wa Utafiti Babati

Makala ya mwanafunzi wa uzamivu yanapochapishwa bila jina la msimamizi wake, mara nyingi huzuka lawama ya wizi. Uzito wa lawama hiyo hutegemea fani inayohusika na nani alifanya nini.

Babati, mkoani Manyara, ni mfano unaofaa. Hapo hukutana lugha za Kikushi (Kigorowa na Kiiraqw), za Kibantu (Kimbugwe na Kirangi) na Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti. Mwaka 2018 zilikamilika tasnifu mbili: ya Andrew Harvey kuhusu nomino ya Kigorowa, katika SOAS, London, na ya Vera Wilhelmsen kuhusu toni na mofolojia ya vitenzi vya Kimbugwe, Uppsala, Sweden. Tasnifu, bila shaka, huwa na jina moja. Lakini katika isimu hata makala yanayotokana nayo aghalabu hufuata desturi hiyo, na msimamizi hutajwa katika shukurani. Sababu ni aina ya kazi: mwanafunzi hurekodi, hunukuu na kuchambua data mwenyewe, ilhali msimamizi huuliza maswali na kusahihisha. Hiyo ni kazi ya ualimu.

Katika wilaya hiyohiyo, utafiti wa kilimo wa mradi wa Africa RISING umetoa makala yenye waandishi wengi, kwani majaribio ya shambani hubuniwa na kufanywa kwa pamoja. Huko, kuliacha jina la aliyebuni jaribio ni kuficha sehemu ya kazi.

Wahariri wa majarida ya tiba, ambao kundi lao lilianzia Vancouver mwaka 1978, wameweka kipimo kinachosaidia: mwandishi achangie utafiti wenyewe, ashiriki kuuandika, aidhinishe matini ya mwisho na awajibike kwayo. Usimamizi wa jumla, au kutafuta fedha, peke yake hautoshi. Kwa wahadhiri wanaopandishwa vyeo kwa kuhesabiwa machapisho, kipimo hiki ni kichungu. Hata hivyo, msimamizi aliyeijenga upya hoja kuu anastahili zaidi ya shukurani. Na yule asiyestahili jina bado anastahili kuuona mswada kabla haujapelekwa jaridani.

Kipimo hicho kinamgusa pia mzungumzaji wa Kimbugwe anayekaa na mtafiti akifafanua maana na kusahihisha toni. Naye kwa kawaida huishia katika shukurani, ingawa mchango wake katika uchambuzi wakati mwingine huuzidi ule wa msimamizi.