Watu Walio Nyuma ya Kitabu cha Mtoto

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Songea. Baada ya kusikiliza, mwalimu wa darasa alisome tena polepole, wanafunzi wakifuata kwa kidole.)

Hamjambo ninyi mlio hapa mjini, Lizaboni na Bombambili, na ninyi mlio Peramiho, Mpitimbi na Muhukuru. Kaeni vizuri, sogezeni redio karibu, na mama mwenye mtoto mchanga akae mbele asikie.

Wiki iliyopita tulijifunza kuandika barua. Leo hatuandiki barua. Namwomba mwalimu wa darasa ainue juu kitabu kimoja cha hadithi cha watoto, hata kikiwa kimechakaa. Si kitabu cha hesabu wala cha masomo. Nataka kitabu cha hadithi, chenye picha, ambacho mtoto hukisoma kwa kuwa anataka kujua sungura alifanya nini. Kama darasani hamna kitabu cha namna hiyo, basi kule kukosekana kwake ndiko somo letu la leo.

Swali ni hili: ni watu gani wanaofanya kazi mpaka kitabu kile kifike mkononi mwa mtoto? Wengi wetu hudhani ni mtu mmoja, yule ambaye jina lake liko juu ya jalada. Sivyo. Yeye ni mmoja katika wengi, na akibaki peke yake hakuna kitabu.

Kwanza tujue kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakaingia darasani chini ya miembe, na katika makanisa, misikiti na maghala. Mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Kufika mwaka 1986, Serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma walikuwa hawafiki watu 10 katika kila watu wazima 100. Ilikuwa sifa kubwa, na dunia nzima ilitutazama. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika, kati ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi, walikuwa karibu 22 katika kila 100. Kuna nini hapo katikati?

Sababu ni nyingi, na moja ni hii. Miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni. Karatasi ikawa adimu, wino ukawa adimu, na magari ya kupeleka vitabu vijijini yakakosa mafuta na vipuri. Shuleni watoto wengi wakawa wanatazama kitabu kimoja, na nyumbani hakuna hata kimoja. Mtu akijifunza kusoma leo, kisha miaka mitano asipate cha kusoma ila kibao cha duka na karatasi ya dawa, herufi humtoka kichwani kama vile mtu asahauvyo lugha ya nchi aliyohama. Kumfundisha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumpa kitu cha kusoma.

Sasa tuje kwenye watu wenyewe. Mwaka 1991 ulianzishwa mjini Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Haukuwa duka, wala kampuni ya kutafuta faida. Ni chama cha watu waliotaka watoto wapate vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyotungwa hapa hapa. Msaada wa fedha ulitoka kwa wafadhili, na mmoja mkubwa ni shirika la Kanada liitwalo CODE.

Hapa nitasimama kidogo, maana habari za shirika hilo zinatugusa sisi wa elimu ya watu wazima. Lilianza mwaka 1959 kwa jina jingine, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Roby Kidd, mwalimu mashuhuri wa elimu ya watu wazima. Bwana huyo ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa baraza la elimu ya watu wazima la dunia, lililofanya mkutano wake mkubwa Dar es Salaam mwaka 1976. Hapo mwanzo shirika lake lilikusanya vitabu huko Kanada na kuvituma ng'ambo kwa meli. Lilikuwa jambo la huruma. Lakini fikirini: mtoto wa Muhukuru anasoma, kwa Kiingereza, habari za mtoto anayecheza katika theluji! Baadaye wakaona kwamba ni heri fedha zile ziwasaidie watu wa kila nchi kutengeneza vitabu vyao wenyewe. Mimi naona badiliko lile lina thamani kuliko meli zote za vitabu zilizotangulia.

Basi Mradi ulifanyaje kazi? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri.

Ninyi ni wakulima wa mahindi. Mwaka ambao hujui kama mahindi yatapata mnunuzi, unaogopa kukopa mbolea. Unalima kidogo, ya kula tu. Lakini ukiambiwa mapema, "Katika gunia zako 50, gunia 30 zitanunuliwa na hifadhi ya chakula ya taifa," unapata nguvu, unalima zote 50, na zile 20 zinazobaki unatafuta soko mwenyewe. Mwenye kutoa vitabu naye yuko hivyo hivyo. Kutayarisha kitabu kipigwe chapa ni gharama kubwa hata kabla nakala ya kwanza haijatoka, na gharama ile haipungui kama ukitoa nakala 500 au 5,000. Akitoa chache, kila kimoja kitakuwa ghali mno. Akitoa nyingi, huenda vikaliwa na mchwa ghalani. Mradi ukamwambia: toa nakala 5,000 za kitabu hiki, nasi tutanunua 3,000 tuzipeleke mashuleni, na 2,000 uuze wewe. Kwa njia hiyo vilitoka vitabu zaidi ya 200 vya watoto. Si maneno matamu yaliyovitoa, ni ahadi ya mnunuzi.

Mwalimu aandike ubaoni maneno haya matano: MTUNZI, MHARIRI, MCHORAJI, MPIGA CHAPA, MCHAPISHAJI. Wanafunzi wayasome kwa sauti. Tena. Vema.

Mtunzi ni yule anayeitoa hadithi kichwani mwake. Kazi hiyo siku hizi huitwa uandishi bunifu, yaani kuandika jambo ulilolibuni wewe, si kunakili. Karatasi zake, kabla hazijawa kitabu, huitwa mswada. Mchapishaji ndiye mwenye kampuni. Yeye huuchukua mswada, hugharimia kazi yote, na huuza. Mpiga chapa ni mwenye mashine tu. Watu wengi huwachanganya hawa wawili. Sisi wa Songea tumezoea kuona mpiga chapa: wamonaki Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na kiwanda chao kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Lakini mashine peke yake haichagui hadithi, wala haimwambii mtunzi kwamba ukurasa wa tatu unachosha.

Hiyo ndiyo kazi ya mhariri, na ni kazi isiyo na shukrani. Mhariri husoma mswada kwa niaba ya msomaji asiyejulikana. Katika mpango wa Mradi, miswada ilipita pia mbele ya wasomaji waliochaguliwa, na iliyo dhaifu ilirudishwa. Tena yalifanywa mafunzo ya watunzi, wachoraji na wahariri, kwa kuwa nchi ilikuwa na watunzi wengi wa vitabu vya wakubwa, lakini waliojua kumwandikia mtoto wa darasa la pili walikuwa wachache. Msidhani ni rahisi. Mtu mzima akimwandikia mtoto hupenda kuhubiri. Kila ukurasa utamkuta babu anaonya, mwalimu anaonya, hata kobe anaonya! Mtoto hufunga kitabu akaenda kucheza mpira, nami simlaumu.

Nitawatajia mtu mmoja ili mpate mfano. Elieshi Lema alizaliwa Nronga, katika mkoa wa Kilimanjaro. Alisomea kazi ya maktaba, akafanya kazi katika maktaba na katika uhariri, kisha yeye na Demere Kitunga wakaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu ambayo jina lake, E & D, ni herufi za kwanza za majina yao wawili. Yeye mwenyewe ni mtunzi. Kitabu chake cha watoto kiitwacho Safari ya Prospa kilitoka mwaka 1995, na mwaka 2001 ikatoka riwaya yake ya Kiingereza, Parched Earth. Tazameni basi: mama mmoja ameshika vitabu akiwa mtunza maktaba, mhariri, mtunzi na mchapishaji. Nchi yenye watu wachache katika kazi hii huwabebesha mizigo minne kila mmoja.

Mwingine ni Pilli Dumea, aliyekuwa katibu mtendaji wa Mradi. Kazi ya katibu haionekani kwenye jalada lolote. Ni kuandika barua kwa wafadhili, kuhesabu nakala, na kutafuta lori. Lakini Mradi uligundua jambo ambalo labda lisingejulikana bila watu wa namna yake: vitabu vilifika mashuleni, vikafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu visichafuke! Ndipo mwaka 1997 ukaanza mpango wa usomaji. Walimu walifundishwa jinsi ya kumsomea mtoto hadithi, jinsi ya kutengeneza kona ya vitabu darasani, na jinsi ya kuwaacha watoto wavishike. Kitabu kinachochafuka kwa mikono ya watoto kinafanya kazi yake. Naomba walimu wakuu mlio karibu na redio mlisikie hilo.

Na vijana je, wale waliokwisha pita umri wa hadithi za sungura? Mwaka 2008 ilianza nchini Tuzo ya Burt, iliyogharimiwa na Mkanada aitwaye Bill Burt, kwa vitabu vya vijana vya Kiingereza. Mradi ndio uliosimamia tuzo hiyo hapa kwetu. Tuzo hiyo haitolewi tena. Hapo ndipo penye shida ya kazi hizi zote: mfadhili anapoondoka, mnunuzi naye ameondoka, na mchapishaji anarudi kulima ya kula tu.

Kwa hiyo ni jambo la furaha kwamba ziko juhudi zenye mizizi hapa nyumbani. Yule Demere Kitunga niliyemtaja aliendelea mbele akaanzisha Soma, huko Dar es Salaam, mahali ambapo watu husoma, hununua vitabu na kukutana na watunzi. Kutoka huko lilitoka shindano la hadithi fupi kwa wanafunzi wa sekondari, liitwalo Andika na Soma. Jina hilo limepinduliwa kwa makusudi, nadhani. Sisi tumezoea kusema kusoma kwanza, kuandika baadaye. Lakini kijana anayejua kwamba wenzake watasoma aliyoyaandika, husoma kwa jicho jingine. Hutaka kujua mwenzake amefanyaje. Nayo Serikali, kwa mkono wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza walipewa tuzo tarehe 13 Aprili 2023, na mshindi wa kwanza katika kila fani alipata shilingi milioni 10. Ni fedha nyingi, na ni heshima. Ila tuzo humlisha mtu mmoja. Mtoto wa darasa la tatu hulishwa na nakala 3,000.

Sasa turudi hapa kwetu. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Mtunzi wa huku hana nauli ya kwenda kumwona mhariri, na mhariri hajui kama yuko. Ndiyo maana mtoto wa Songea hukuta katika vitabu bahari, mashua na minazi, lakini ni mara chache kukuta milima ya Matogoro, au mto Ruvuma wakati wa masika, au bibi anayesimulia kwa Kingoni jikoni huku mahindi yanachomwa. Hadithi zile mnazo ninyi mliomo darasani. Wajukuu wenu wa sekondari wanajua kuandika, lakini hadithi hawanazo. Ninyi mnazo, na mkono wenu ndio kwanza unazoea kalamu.

Basi kazi ya wiki hii ni hii. Kila mmoja akae na kijana mmoja wa nyumbani, amsimulie hadithi moja aliyoisikia utotoni, isiyomo katika kitabu chochote anachokijua. Kijana aandike. Kisha mzee aisome mwenyewe, kwa sauti, na kila mahali ambapo kijana ameongeza maneno ya kuhubiri, mzee apige mstari. Waandike upya, ukurasa mmoja au mwili, na chini waweke majina yote mawili.

Darasa lililo na karatasi kumi au zaidi lizishone kwa uzi, litie jalada la karatasi ngumu, na kupeleka kitabu hicho katika shule ya msingi iliyo karibu. Mwalimu wa darasa aulize baada ya mwezi mmoja kama kimechafuka.

Wiki ijayo tutajifunza kusoma hati ya mizani wakati wa kuuza mahindi. Kwaherini.