Usingizi si Uvivu

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni Uvira huona taa nyingi ziwani, kama mji mwingine juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa ndagala. Samaki hao wadogo hufuata nuru. Lakini mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu ya kuwavuta, nao wavuvi hupumzika. Basi katika nyumba nyingi, tangu Kavimvira hata Kalundu na Makobola, baba hufanya kazi wengine wakilala, naye hulala jua likiwa juu. Jirani apitaye husema: «Mvivu huyo!» Je, ni haki?

Mwili wa mtu una saa yake ya ndani. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuvumbua jinsi saa hiyo inavyokwenda. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonina, inayouarifu mwili kwamba usiku umefika, nuru huizuia. Sasa mvuvi arudipo pwani, jua lachomoza ng'ambo, upande wa Burundi, na kumpiga usoni. Amechoka kabisa, lakini saa ya mwili yamwambia aamke. Ndiyo sababu usingizi wake wa mchana ni mfupi na mwepesi.

Afanyeje? Avae kofia njiani, alale katika chumba chenye giza, dirisha likifunikwa kwa kitambaa kizito, na watoto wacheze mbali. Asinywe kahawa saa chache kabla ya kulala. Pombe nayo hudanganya: humlaza mtu upesi, kisha huuvunja usingizi wake.

Tusimsahau mama. Alfajiri yuko pwani kununua ndagala, mchana huwaanika, jioni hupika, usiku hunyonyesha. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ni mama wangapi wanaozipata? Enyi akina baba, usiku msipokwenda ziwani, mbebeni mtoto aliaye, mama yake apate kulala.

Watoto wanahitaji zaidi. Mwenye miaka 3 hata 5 alale saa 10 hata 13, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hata 12, saa 9 hata 12. Kijana wa miaka 13 hata 18, saa 8 hata 10. Katika usingizi mwili hukua, na masomo ya mchana hukaa akilini. Mtoto asinziaye darasani asipigwe; aulizwe kwanza alilala saa ngapi. Alale saa ile ile kila siku, simu ikiwekwa mbali, tena ndani ya chandarua chenye dawa, kwa maana mbu wa malaria huuma hasa usiku.

Lakini kuna usingizi ulio ugonjwa. Mtu akoromaye sana na pumzi ikikatika-katika, aende kwa mganga wa hospitali. Vivyo hivyo mtu asinziaye mchana kwa majuma mengi, mwenye homa na maumivu ya kichwa: huenda ni malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ulioua watu wengi kando ya ziwa letu mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ni wagonjwa wachache, lakini asiyetibiwa huweza kufa.

Basi, kabla ya kumwita mtu mvivu, tuulize kwanza alikesha wapi, na kama ni mzima.